Siku moja na brashi ya singa

Wanaopita Keko, Dar es Salaam, humwona seremala. Mimi hunichukulia kama binti wa kufuta vumbi. Mwaka wa tisa huu napaka nta na kung'arisha mbao. Jana ilikuwa hivi.

Saa 1 asubuhi. Nilifagia, nikanyunyiza maji chini vumbi litulie.

Saa 2. Meza ya mninga: msasa namba 240, kisha 320, tambara, nta. Nta ya nyuki naiyeyusha kwa kopo ndani ya sufuria ya maji, naiepua, ndipo nachanganya tapentaini mbali na moto.

Saa 4 akaingia mama aliyeagiza sanduku la mkongo, la nakshi, la binti yake anayeolewa Jumamosi. Siku iliyotangulia nilikuwa msibani, kijana wetu ndiye aliyelimalizia. Kulifunua tu, moyo ukanidunda: nta imeganda nyeupe ndani ya maua yote ya nakshi, na juu ya kifuniko mistari kama imepita reki.

"Mbona limechakaa kabla halijatumika? Lipigeni vanishi ling'ae!"

Nikamwomba kijana brashi aliyotumia. Aliinunua sokoni, akaambiwa ni singa za farasi. Nilichomoa uzi mmoja nikauchoma: ukajikunja, ukawa kishanga kigumu. Nailoni. Singa ya kweli hunuka nywele zilizoungua, na ukiibonyeza inakuwa majivu. Sikumgombeza. Brashi yangu nilikuwa nimeifungia mimi mwenyewe kabatini.

Mama akavuta stuli, akakaa. Nilianza ua moja baada ya jingine, brashi ndogo na tapentaini kidogo sana, nalegeza, nafuta. Nta mpya nikaipaka nyembamba, nikasubiri ififie na isinate kidoleni. Ukiharakisha hapo unaivuruga tu, haing'ai. Kila baada ya dakika chache: "Bado, binti?" Nilipotoa brashi yangu akasimama.

"Hiyo ya viatu ndiyo unanipigia sanduku la harusi?"

"Mama, inafanana na ya viatu, lakini hii haijawahi kugusa kiwi."

Nikamwonyesha. Singa zake zinakaribia urefu wa kidole gumba, zinapinda na kuingia hadi kwenye shina la ua. Kwa meza tupu nina nyingine, fupi, zimebanana, zinahimili mkono mzito. Ubavu wa mti wa hii ya nakshi nimeuzungushia kitambaa usigonge maua. Na ya nta nyeusi haikutani kamwe na ya nta nyeupe. Akashika, akajipitishia kiganjani, akanyamaza.

Chakula cha mchana sikumbuki kama nilikila chote. Unapiga kufuata nyuzi za mbao, mwepesi, haraka, bega linawaka, na kwa muda mrefu huoni kitu. Halafu kona moja inaanza kuitika. Mng'ao wa nta hautoki ndani ya kopo, unatoka hapa begani, kupitia singa. Jua lilikuwa limeshaegemea magharibi mama alipoinama juu ya kifuniko na kukipapasa kwa mgongo wa mkono, kama anayepima homa ya mtoto.

"Hili atakuja kumpa mwanawe," akasema.

Nilichana brashi, nikaipangusa, nikairudisha kabatini. Ufunguo nikamwachia kijana. Kwenye daladala ya Mbagala nilishika bomba kwa mkono wa kushoto.