Mwili ni Dhaifu: Mazoezi ya Nashville

Wapendwa katika Bwana, Yesu Kristo asifiwe.

Neno la juma hili ni Mathayo 26:41: "Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni, roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu."

Petro aliambiwa neno hili usiku ule wa Gethsemane, akalala. Hazikupita dakika nyingi, wakaja watu wenye panga na marungu, naye akachomoa upanga akamkata sikio mtumwa wa kuhani mkuu. Petro alimpenda Yesu kwa dhati. Mahubiri ya mlimani alikuwa ameyasikia kwa masikio yake mwenyewe, pamoja na lile la kugeuza shavu la pili. Lakini hofu ilipomshika, mkono ulitangulia na mafundisho yakabaki nyuma.

Tunapohubiri habari ya kumpenda adui huwa tunaishia kwenye roho iliyo radhi, na mwili ulio dhaifu tunauacha ujitafutie njia. Juma hili tuwatazame vijana Wakristo wa mji wa Nashville, jimbo la Tennessee nchini Marekani, ambao mwaka 1959 na 1960 waliushughulikia mwili.

Wakati huo mama mweusi wa Nashville aliweza kuwanunulia watoto wake nguo katika duka la Harvey's, lakini njaa ikiwashika hakuruhusiwa kuketi nao kwenye kaunta ya chakula ya duka hilohilo. Pesa yake ilipokelewa, yeye akakataliwa. Mwaka 1958 alihamia mjini hapo James Lawson, mhubiri kijana wa Kimethodisti aliyekuwa amefungwa gerezani kwa kukataa kwenda vitani Korea, kisha akakaa India miaka mitatu na kujifunza njia za Gandhi za kupinga dhuluma bila jeuri. Alijiunga na masomo ya theolojia katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, na jioni alifundisha katika chumba cha chini cha Kanisa la Clark Memorial. Kuanzia majira ya vuli ya 1959, mafunzo hayo yalikuwa ya kila juma. Kati ya waliokaa mbele yake walikuwamo Diane Nash wa Chuo cha Fisk, na John Lewis, Bernard Lafayette na James Bevel, waliokuwa wakisomea uchungaji katika chuo cha Kibaptisti.

Walisoma Maandiko na kuomba, lakini hawakuishia hapo. Viti vilipangwa mstari mmoja kama kaunta ya duka. Baadhi walikaa, wengine wakasimama nyuma yao wakiigiza watu wenye chuki. Waliwatukana kwa maneno yaleyale ya mtaani bila kuyalainisha, wakawapulizia moshi wa sigara usoni, wakawavuta mpaka wakaanguka chini. Aliyekaa alipaswa kubaki ametazama mbele, mgongo umenyooka. Akivutwa mpaka sakafuni, ajikunje, magoti yakinge tumbo na mikono ikinge kichwa. Akiweza, amtazame machoni anayempiga, kwa sababu ni vigumu zaidi kumpiga mtu anayekutazama. Mwenzake akizidiwa, wa karibu ajilaze juu yake ili mapigo yagawanyike. Kisha walibadilishana nafasi, na baadaye wakakaa kujadili: nani alikunja ngumi? Hasira ilimpanda wapi, kwenye tusi au kwenye kuguswa?

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Wako wanaovumilia kofi lakini wakitukaniwa mama hawajiwezi. Mwingine anameza matusi yote ila akiguswa nywele anageuka. Hakuna anayejijua hadi ajaribiwe, na ni heri ajaribiwe na ndugu zake kabla hajajaribiwa na adui. Paulo alimwandikia Timotheo, "ujizoeze kupata utauwa." Alisema kujizoeza, jambo linalotaka kurudiwarudiwa.

Mwishoni mwa 1959 walikwenda Harvey's na duka jingine, Cain-Sloan, kupima tu. Waliomba huduma, wakakataliwa, wakauliza sababu kwa upole, wakaondoka. Tarehe 13 Februari 1960 wanafunzi zaidi ya 100 waliingia mjini wakiwa wamevaa nguo za Jumapili. Walinunua vitu vidogo kwanza, ili iwe wazi kwamba ni wateja, ndipo wakaketi kwenye kaunta na kufungua vitabu vyao vya shule. Lewis na Lafayette waliandaa kanuni za kubeba mfukoni: usirudishe pigo wala tusi, usicheke kwa sauti, usiondoke kitini mpaka kiongozi wako akuruhusu, usizibe mlango wala njia, kaa wima ukiielekea kaunta, kumbuka mafundisho ya Yesu Kristo. Katazo la kucheka laweza kuonekana dogo, lakini kicheko humdhalilisha mtu, na aliyedhalilishwa mbele ya wenzake hutafuta kulipiza.

Jumamosi ya tarehe 27 Februari genge la vijana weupe liliwavamia. Wengine walivutwa kutoka kwenye viti na kupigwa, wengine wakazimiwa sigara mgongoni. Polisi walipofika waliwakamata waliopigwa, wakawaacha waliopiga. Kundi la kwanza lilipotolewa, kundi la pili lilikuja likaketi palepale, kisha la tatu. Waliokamatwa walikuwa karibu 80. Mahakama ilipowatoza faini ya dola 50, wengi walikataa kulipa wakachagua kifungo, kwa maana kulipa faini kungekuwa kukiri kwamba kuketi ni kosa.

Katika siku hizo kijana mmoja aliyevaa koti la ngozi alimtemea Lawson mate. Lawson alimwomba kitambaa cha mkononi. Yule kijana, kwa mshangao, akatoa chake akampa. Lawson akajifuta, akamrudishia, akamuuliza kama ana pikipiki au gari. Wakazungumza habari za pikipiki. Tazameni jinsi lilivyo jambo dogo: ombi moja na swali moja. Lakini mtu asiyejizoeza hapati swali la kuuliza akiwa na mate usoni. Petro huyohuyo, alipokuwa mzee, aliandika habari za Bwana: "Yeye alipotukanwa, hakurudisha matukano" (1 Petro 2:23).

Gharama ilikuwa kubwa. Vanderbilt ilimfukuza Lawson mwezi Machi. Watu weusi walisusia maduka ya katikati ya mji msimu wa Pasaka, wakati ambapo nguo mpya huuzwa sana, na wenye maduka wakahisi pengo. Alfajiri ya tarehe 19 Aprili baruti ililipua nyumba ya wakili wao, Z. Alexander Looby. Yeye na mkewe walinusurika. Siku hiyohiyo maelfu waliandamana kimya hadi ofisi za jiji, na Diane Nash akamuuliza Meya Ben West ana kwa ana kama anaona ni haki kumbagua mtu kwa rangi yake. Meya alikiri kwamba si haki. Tarehe 10 Mei kaunta 6 zilianza kuwahudumia watu weusi.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwaka 1968 Lawson alikuwa mchungaji Memphis, mji mwingine wa Tennessee, na wazoa taka wa jiji walikuwa wamegoma baada ya wenzao 2 kusagwa na gari la taka. Alimwalika Martin Luther King kuongoza maandamano ya tarehe 28 Machi. Mwalimu ni yuleyule na imani ni ileile, lakini waliojitokeza walikuwa maelfu, wakiwamo vijana wengi wa shule ambao hawakuwahi kupita katika mafunzo yoyote. Mabango yalikuwa yamefungwa kwenye fito za mbao. Huko nyuma ya msafara fito ziling'olewa zikavunja vioo vya maduka, polisi wakashambulia, na kijana wa miaka 16 akauawa kwa risasi ya polisi. Lawson alilazimika kuwasihi watu wageuke warudi kanisani. Hatuwahukumu vijana wale, maana uchungu wao ulikuwa wa haki kabisa. Ila roho iliyo radhi haikuwa na mwili uliofundishwa, na fimbo ilikuwa tayari mkononi.

Kwa hiyo, kikundi chenu kikikutana juma hili, msome Mathayo 26:36-56, kisha mpange viti viwili. Mmoja aketi, mwingine amwambie kwa dakika mbili maneno ambayo kweli huambiwa kazini, sokoni au nyumbani. Aliyeketi asijibu. Baadaye aseme ni neno lipi lilimshika kooni, nanyi mwombe juu ya neno hilo kwa jina lake. Asiyeweza zoezi hili asilazimishwe. Huko Birmingham, jimbo la Alabama, mwaka 1963, kadi aliyosaini kila aliyejitolea kupinga ubaguzi ilimtaka atafakari kila siku maisha ya Yesu na ajizuie na jeuri ya ngumi, ya ulimi na ya moyo. Chini yake ilikuwa na nafasi ya kuchagua kazi nyingine: kupika chakula, kuendesha gari, kupiga simu, kutumwa hapa na pale, kupiga chapa.