Inajificha ukiitafuta

Jamani leo nimeikamata!

Kompyuta ya dada yangu imekuwa ikichemka sana siku hizi, feni inavuma hata kama hajafungua kitu, ila ukifungua Task Manager tu (dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazofanya kazi) prosesa inashuka kutoka 100% mpaka 4% na feni inanyamaza. Ukiifunga, inaanza tena.

Hapo ndo nikajua kuna kitu kinatuchungulia. Virusi vya kuchimba Monero (vinatumia prosesa yako kumtafutia mtu mwingine sarafu ya kidijitali) vingi vina tabia hiyo, vikiona Task Manager vinajizima.

Nikachukua Process Explorer, programu nyingine ya kazi kama ya Task Manager, nikabadilisha kwanza jina la faili lake isitambulike, na kweli, svchost.exe moja inakula prosesa yote. Jina halali kabisa la Windows, lakini ile ya kweli inakaa System32, folda ya Windows yenyewe, hii ilikuwa imejibanza ndani ya AppData, folda ya data za programu za mtumiaji.

Mwili ulinisisimka aisee.

Kuifuta tu haikutosha maana Task Scheduler, ratiba ya Windows ya kuwasha programu zenyewe, ilikuwa inairudisha kila kompyuta ikiwashwa, nikaondoa na hiyo, nikaskani upya bila intaneti, sahivi feni kimya na dada anabadilisha paswedi zake zote kwa simu.

Nani kashakutana na hii? Ulianza kuitafutia wapi?