Siku moja maishani mwangu: mkutubi, data za mpunga na saa ya Kiswahili

Saa 11:00 alfajiri. Julai ya Mbeya haina huruma. Kinachoniamsha ni baridi, si bidii. Nachemsha maji ya kuoga, nakunywa chai ya rangi na kiporo cha ndizi za jana, navaa sweta mbili.

Saa 1:00 asubuhi. Mimi ni mkutubi wa chuo. Wengi bado wanadhani kazi yangu ni kugonga mhuri na kuwanyamazisha wanafunzi. Leo nafundisha watafiti kumi na wanane kusafisha data, yaani kurekebisha makosa yaliyomo kwenye mafaili yao. Mwenzangu, mkutubi wa chuo kimoja cha Iringa, aliingia na basi la jana, na nimemkuta mlangoni ameshika begi la ekstensheni.

"Kamwene, dada!"

"Kamwene. Projekta yako imepona?"

Imepona. Yeye anaimudu R, lugha ya kompyuta ya takwimu, mimi namudu OpenRefine, programu ya kusafisha data, na hakuna maktaba kati ya zetu yenye watu wa kutosha kuendesha mafunzo haya peke yake. Kwa hiyo tunaazimana watu kama tunavyoazimana vitabu. Ugomvi ni nauli: bajeti ya maktaba ina kifungu cha vitabu, cha majarida, hata cha dawa ya mchwa, ila cha kumpandisha mkutubi basi hakuna.

Saa 2:00. Tunapitisha flashi meza kwa meza. Programu tulizipakua mapema, maana watu kumi na wanane wakipakua kwa pamoja, intaneti inalala. Kila mtu anapewa vikaratasi viwili vya kunata. Cha kijani kikibandikwa juu ya kioo cha kompyuta, maana yake twende; chekundu, nimekwama. Hili hatukulibuni sisi. Ni desturi ya Software Carpentry, mafunzo yaliyoanzishwa mwaka 1998 na Greg Wilson na Brent Gorda kwa ajili ya wanasayansi wa maabara ya Los Alamos, Marekani. Baadaye ikaja Data Carpentry, wakutubi nao wakapata Library Carpentry, na leo zote zipo chini ya The Carpentries. Masomo yao ni ya bure na unaruhusiwa kuyabadili. Mimi navipenda vile vikaratasi kuliko hata masomo yenyewe: mhadhiri mzima hawezi kunyoosha mkono mbele ya wanafunzi wake, lakini chekundu anakibandika kimyakimya.

Saa 3:30. Zoezi la kwanza ni data za SAFI, mahojiano ya kaya za wakulima wa Tanzania na Msumbiji kuhusu umwagiliaji, yaliyofanyika 2016 na 2017. Zinafundishiwa sehemu nyingi duniani. Sisi tumezipokea kwa kuzipakua, kama mtu anayetumiwa mahindi ya shambani kwake kutoka ughaibuni.

Saa 5:00. Hapa ndipo siku yangu ilipo. Binti wa shahada ya uzamili amekuja na faili lake, mahojiano ya wakulima wa mpunga wa Mbarali, wilaya ya hapa hapa mkoani Mbeya. Majina ya vijiji kwanza: "Igurusi", "IGURUSI", "igurusi" yenye nafasi mwishoni, na "Igulusi". OpenRefine inaziunganisha tatu za kwanza mara moja. Ya nne inaikataa, maana kwake r na l ni vitu viwili. Haijawahi kukaa na sisi. Tunahamia njia ya kulinganisha herufi kwa herufi, bado haioni, kwa kuwa imepangwa kutafuta kwanza maneno yenye kipande cha herufi 6 kinachofanana. Tunashusha hadi 3, Igulusi anarudi nyumbani.

Kisha binti anatoa grafu ya muda wa mahojiano. Wakulima wake wengi wamehojiwa kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku.

Chumba kizima kinacheka, naye anataka kulia. Wadodosaji waliandika 2:15, 3:40, 4:30, yaani asubuhi, na kompyuta ikasoma usiku wa manane. Mmoja anasema rahisi, ongeza masaa sita kote. Ngoja kwanza! Kuna 9:40 pia. Ni saa tisa na dakika arobaini alasiri, au mtu alinakili kutoka kwenye simu, ikawa saa tatu asubuhi? Tunagawa mistari kwa jina la mdodosaji. Wawili hawana namba inayozidi 12. Wa tatu ana 14:20 na 15:05. Huyo ndiye wa simu. Tunaongeza sita kwa wale wawili, wa simu tunamwacha. Faili la asili halijaguswa, na programu imetunza kila hatua, msimamizi wake akitaka kuuliza aulize.

Saa 7:00. Wali, maharage, parachichi. Dakika thelathini tu.

Saa 8:20 mchana. Umeme unakatika, intaneti nayo inaondoka. OpenRefine inafunguka kwenye kivinjari lakini inafanya kazi ndani ya kompyuta yako mwenyewe, kwa hiyo wenye betri nzima wanaendelea, wasio na chaji wanahamia kwa jirani. R ya mwenzangu anaifundishia ubaoni kwa chaki mpaka saa tisa na nusu. Ubao haugandi.

Saa 10:00 jioni. Kabla ya kufunga tunawafutisha majina na namba za simu za wakulima kwenye nakala za kushirikishana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na bado mafaili yenye namba za watu yanazunguka WhatsApp.

Saa 12:10 jioni. Stendi, tunakata tiketi ya kesho ya Iringa. Imeandikwa 12:00. Mwenzangu anaitazama, ananitazama mimi, anamgeukia kijana wa dirishani.

"Samahani kaka, hii ni asubuhi au mchana?"

"Dada, mchana si ingekuwa saa sita?"