Sauti Sol kabla ya "Sura Yako"

Wanaodhani Sauti Sol, kundi la muziki la Kenya, waliibuka ghafla na wimbo "Sura Yako" mwaka 2014 wanaruka miaka mingi ya jasho. Bien, Chimano na Savara walikutana Upper Hill School, Nairobi, wakiimba bila ala. Mwaka 2005 Polycarp akaja na gitaa, kundi likatimia.

Gitaa moja la akustiki na sauti kadhaa, hapo hakuna pa kujificha! Hakuna ngoma nzito ya kufunika kosa. Mwimbaji wa sauti ya chini akiteleza nusu toni tu, wenzake wanamfuata bila kujua, na kibwagizo chote kinalegea. Ndiyo maana naiheshimu sana Mwanzo, albamu yao ya kwanza ya 2008: uimbaji ulishaiva mapema, kabla ya tuzo ya MTV Europe ya 2014.