Nilitaka magurudumu ya bluu

Magurudumu ya skeitibodi yangu, ule ubao wa kusimamia wenye magurudumu manne, yalikuwa meupe pe nilipoyanunua. Baada ya miaka mitatu ya kuachwa juani yakawa kama meno ya mvuta sigara. Kukimbia yalikimbia vizuri tu. Kuyatazama ndiko kulikonishinda. Mapya sikuona sababu ya kununua, maana hata kulika hayajalika sana: yalikuwa na kipenyo cha milimita 54, nilipoyapima nikakuta bado yana 52. Nikaamua kuyafanya ya bluu.

Wazo la kwanza lilikuwa rangi ya kupuliza. Nashukuru nilijaribu upande wa ndani wa gurudumu moja tu. Ilikauka vizuri, ikang'aa, nikabinya kwa kidole gumba, ikabanduka kama ganda la kitunguu. Hapo ndipo nilipojua kwamba gurudumu lenyewe si la mpira kama nilivyodhani siku zote. Ni la poliurethani, plastiki inayobonyea kidogo na kurudi kila linapobeba uzito. Rangi iliyopakwa juu haibonyei pamoja nayo, inapasuka. Kwa hiyo rangi lazima iingie ndani.

Jaribio la pili, rangi ya nguo za pamba. Nililichemsha gurudumu lile lile saa nzima, likatoka na ubluu wa kubahatisha, kisha sabuni ya kuoshea vyombo ikauondoa wote. Rangi ya pamba imetengenezwa kushikana na nyuzi za pamba, na kwenye plastiki haina pa kushika. Inayofaa ni ile ya vitambaa vya poliesta na nailoni. Hiyo haiyeyuki vizuri majini, chembe zake zinaelea tu, lakini plastiki ikipata joto hulegea na chembe hizo zikapenya. Ikipoa, zinafungiwa humo humo. Soma pakiti kabla ya kununua. Isipotaja poliesta, irudishe ilipokuwa.

Kabla ya kutumbukiza chochote ondoa beringi, vile vyuma vya duara vinavyofanya gurudumu lizunguke, zote nane, mbili kila gurudumu. Maji ya moto yanatoa grisi yake na chuma kinaota kutu. Sina kifaa maalumu cha kuzitolea. Nilifungua nati, nikachomoa gurudumu, nikaliingiza tena nusu tu kwenye ncha ya ekseli hadi ncha ikanasa beringi moja, nikalipindisha kwa nguvu kama ninayefungua soda bila kifungulio. Ikatoka. Ya kwanza ilinichukua dakika kumi na matusi kadhaa, nyingine sekunde chache.

Kisha nikasugua kila gurudumu kwa sabuni na mswaki wa zamani. Usidharau hatua hii. Palipobaki mafuta ya vidole rangi haikushika, na mpaka leo gurudumu moja lina alama ya dole gumba langu pembeni.

Sasa joto, ambalo ndilo kazi yenyewe. Nilitumia sufuria kuukuu ambayo haitapikiwa chakula tena, maji lita mbili, nusu chupa ya rangi na tone la sabuni ili chembe zisigandamane. Nikafungua dirisha na kuvaa glavu. Nilikuwa na kipimajoto, na nilihakikisha maji hayazidi nyuzi 85. Yakitokota, gurudumu linalegea kupita kiasi, na likigusa chini ya sufuria linapata bapa. Gurudumu lenye bapa litakugongagonga miguuni kila mzunguko. Ndiyo maana sikuliacha lizame: nilipitisha waya kwenye tundu lake, nikalining'iniza kwenye kijiti kilicholala juu ya sufuria. Kila dakika tano nililigeuza. Ukiliacha limetulia, upande mmoja unakolea na mwingine unabaki na mabaka.

Nilianza na gurudumu moja tu, na huo ndio uamuzi wa busara pekee niliofanya siku hiyo. Baada ya dakika 40 nilizima jiko, nikaliacha lipoe humo humo majini, nikalitoa na kulisuuza. Lilikuwa kijani.

Si bluu yenye dalili ya kijani. Kijani kabisa, kama jani la mgomba. Nilisoma chupa mara mbili nikidhani nimeuziwa kitu kingine, mpaka nilipochovya kipande cha kitambaa cheupe cha poliesta humo humo kikatoka bluu safi. Chupa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ule umanjano wa jua. Rangi ya namna hii haifuniki ya zamani, inachanganyika nayo, na bluu juu ya njano mtoto wa chekechea anajua inazaa nini.

Nilijaribu kuusugua umanjano wa la pili kwa msasa. Kweli chini yake palikuwa na weupe, lakini kusugua gurudumu la mviringo kwa mkono bila kulipotosha umbo ni kazi ya mtu mwenye subira kuliko mimi. Niliacha baada ya robo saa.

Nikabadili shabaha. Kama njano ipo na haiondoki, basi nitafute rangi inayoihitaji. Nikanunua nyekundu, nikachovya matatu yaliyobaki kwa utaratibu ule ule, yakatoka na rangi ya kaa la moto ambayo, niseme ukweli, inapendeza kuliko bluu niliyokuwa naitaka. Lile la kijani nililiacha kama lilivyo. Nyekundu juu ya kijani ingenipa kahawia, na nilishatosheka na mshangao.

Nilisubiri hadi siku ya pili yapoe kabisa na kurudi ugumu wake ndipo nikarudisha beringi. Ukizisukuma ndani wakati plastiki bado ni laini zinaweza kukaa upande. Siku ya kwanza barabarani yaliacha mistari myekundu sakafuni kwa rafiki yangu, naye akanipa ndoo na tambara bila kusema neno. Wiki ya pili sehemu inayokanyaga ardhi ilikuwa imeanza kufifia, maana rangi imeingia juu juu tu na lami inaila. Pembeni haijatoka hata kidogo.

Gurudumu la kijani nimelifunga nyuma kushoto. Watu wanauliza kama lile la nne liliibiwa.