Asubuhi nimekula mati ya hatua sita kwenye chess, jioni nikalipiza

Kuna kaka mmoja pale maskani Makorora, Tanga, alinikaririsha Caro-Kann, ufunguzi wa chess wa mwenye nyeusi, akaniambia hatua tano za mwanzo we cheza tu, kufikiri ni huko mbele. Nikiikumbuka hiyo kauli damu inachemka. Kina Horatio Caro na Marcus Kann walioichambua mwaka 1886 wazee wa watu hawana kosa, kosa la huyu fundi wangu.

Siku ya mashindano nikafika na baiskeli yangu, kiingilio kama elfu kumi hivi, nikapangiwa nyeusi na kitoto cha darasa la saba. Yeye askari e4 (herufi na namba ndo jina la kisanduku ubaoni), mi askari c6. Yeye d4, mi d5. Akatoa farasi c3, nikala askari wake, farasi akanirudishia pale e4, na mi nikatoa wangu d7 kama nilivyokaririshwa. Hapo dogo akamweka malkia e2, mbele ya askofu wake mwenyewe! Nikacheka kimoyomoyo, huyu hata kutoa watu hajui, nikapeleka farasi wa pili f6. Dogo akarusha farasi d6, akasema taratibu, "Mati. Shikamoo kaka."

Mati ndo mfalme kabanwa, mchezo umeisha. Nanyoosha mkono nimle huyo farasi na askari wa e7, kumbe huyo askari akitoka tu malkia wake anamwona mfalme wangu uso kwa uso, na mfalme hana pa kukimbilia, kazibwa na watu wake mwenyewe. Chai niliyoagiza bado inatoa moshi. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, mi hata saa nne haijafika.

Mchana badala ya kwenda kupumzika nikakaa na chapati maharage nairudia kwenye simu. Dawa ndogo tu jamani: sogeza askari e6 kwanza, au farasi wa d7 ndo aende f6, malkia wa watu anabaki kituko pale.

Raundi ya mwisho nikapata nyeupe na mzee mmoja wa heshima zake, akacheza c6. Mwili ukanisisimka. Nikapita mule mule, malkia e2, halafu nikavuta uso wa majuto kama nimeunguza wali, maana kuongea hairuhusiwi ila uso haukatazwi. Mzee akatabasamu, farasi f6.

"Shikamoo mzee. Mati."

Akakodolea ubao weee, mwisho akacheka. "Marahaba. Mwalimu wako nani?"

Nikamwonyesha kwa kidole yule dogo, kakaa mlangoni anamung'unya ubuyu.