Sava ilikuwa nzima muda wote

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, hata chai sijanywa, simu ya mama mhasibu. Nikamuamkia, marahaba kavu, akaenda moja kwa moja, "Mwanangu sava imekufa, na leo ndo mishahara." Nikamuuliza kama ofisi nzima haipati, akasema nzima. Ofisi nzima ya mtu mara nyingi ni yeye na jirani yake wa meza, ila nikawasha pikipiki nikaenda.

Kufika, sava, yaani kompyuta kuu inayohudumia zingine zote za ofisi, inapumua vizuri tu. Kompyuta kama kumi hivi hazioni folda za pamoja wala programu ya uhasibu, zingine sita zinapiga kazi kama kawaida, na printa nayo inachapa. Hapo ndo ukome kuigusa sava, maana ingekuwa imekufa ingekufa kwa wote. Mtu mmoja alishaizima na kuiwasha mara mbili kabla sijafika, kwa hiyo na wale sita walikatiwa kazi bure, aisee.

Nikakaa kwa mama mhasibu nikaandika ipconfig /all, amri ya kuonyesha mashine imeungwaje kwenye mtandao. IP yake, yaani namba ya mashine kwenye mtandao, ni 192.168.1.104. Sisi pale tunatumia zinazoanza na 192.168.10, sava iko 192.168.10.2, sasa hii namba imetoka wapi? Ingeanza na 169.254 ningejua hamna aliyempa IP, mashine imejipa yenyewe, ningeanza kukagua waya na swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya zote za mtandao. Lakini huyu kapewa, na mstari wa DHCP Server (DHCP ndo huduma ya kugawa IP) unamtaja aliyempa: 192.168.1.1. Hatuna kitu chenye namba hiyo.

Maana yake kuna rauta ya mtu imechomekwa kwenye neti yetu na inagawa IP kivyake. Kompyuta ikiwaka inapiga kelele "nani anipe IP?", na inamchukua aliyewahi kujibu, haiulizi kitambulisho. Umeme ulikatika usiku, walioko kwenye UPS, ile betri ya akiba, hawakuzimika wakabaki na IP zao za zamani, waliowasha asubuhi wakaangukia kwa mgeni. Printa na sava IP zao nilizifunga kwa mkono zamani, ndo maana hazikuyumba.

Kumtafuta sasa. Nikafungua ping 192.168.1.1 -t kwenye kompyuta ya mama, inayoiita hiyo namba bila kukoma na kuonyesha kama inajibu, nikaenda kwenye swichi, tundu 24 na hamna waya hata mmoja wenye lebo (najua, najua, mwaka wa pili huu nasema nitaweka), nikawa nachomoa mmoja mmoja huku dada wa mapokezi anachungulia skrini ananipigia kelele "bado... bado... imekata!" Waya wa 17. Nikaufuata juu ya dari, ukashukia ofisini kwa bosi, nyuma ya kabati. Rauta mpya, plastiki haijabanduliwa.

Bosi akaniwahi, "Afadhali umekuja, hii kitu nimenunua Jumamosi ya waifai, mbovu, haifungui hata WhatsApp." Sio mbovu mzee, waya umechomekwa tundu la LAN (la mashine za ndani) badala ya WAN (la kuingiza intaneti), kwa hiyo yenyewe haina njia ya kutoka nje na wote inaowapa IP inawapeleka ukutani. Sikumwambia kwa maneno hayo lakini.

Nikaizima DHCP yake, nikaiacha hapohapo irushe waifai tu, IP ziendelee kutoka kwa sava. Kwenye zile kumi ipconfig /release halafu /renew, yaani achia IP ya zamani uombe mpya, tisa zikarudi.

Ya kumi, ya stoo, IP sahihi, ping inajibu, ila kuingia inagoma. Nilipoteza kama dakika arobaini kubadilisha paswedi kabla sijatupa jicho kwenye kona ya skrini: mwaka 2019. Betri ndogo ya ubao wa ndani ya kompyuta, inayotunza saa, imekufa, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma, na domeni ya Windows, mfumo ambao sava inahakiki kila anayeingia, kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya mashine na sava. Nikarekebisha saa kwa mkono ikaingia, mchana nikaleta CR2032, ile betri ya duara kama sarafu.

Mishahara ilitoka saa kumi jioni. Waya wa 17 nimeuandikia lebo, 23 zilizobaki wiki ijayo.